Kamba za Kiatu cha Kushoto

3 Agosti

Nélida amenipa daftari hili leo asubuhi. Anasema amesikiliza matusi yangu mezani tangu siku ya harusi na sasa masikio yamejaa. Niyaandike, yeye anywe supu yake kwa amani. Haya, mke wangu, naandika.

Mazoezi yameanza leo, baridi ya kupasua midomo, na Mwenyekiti Pellegrino ametuletea mtoto. Pellegrino ni mfuga kuku. Uenyekiti wa klabu yetu ya Molineros aliupata kwa kugawa kuku siku ya kura, na tangu hapo anatutazama wachezaji kwa jicho lile lile: huyu amenona, huyu atauzika lini, huyu wa supu. Akamshika mtoto bega. "Jamani, huyu ni Ulises Barrientos, katoka Chaco, kule kaskazini. Kiungo, miaka kumi na tisa. Mtunzeni, hii ni dhahabu."

Dhahabu yenyewe ina nywele zilizopakwa rangi ya kiini cha yai, hereni mbili, na manukato yanayofika kabla ya mwenyewe. Alizunguka akitubusu shavuni mmoja mmoja, ilivyo desturi, na alipofika kwangu akasema, "Kumbe ndiye Bressan! Babu yangu alikuwa akikusikiliza redioni." Babu yake. Kisha akaenda akatundika begi lake kwenye msumari wangu. Nililishusha nikaliweka chini, penye maji.

Namba tano ya klabu hii naivaa mimi tangu huyo Ulises hajaanza shule. Nina miaka thelathini na sita, mimi ndiye nahodha, na sijawahi kuona kiungo mkabaji mwenye hereni.

9 Agosti

Amenipiga tobo. Mazoezini, mbele ya watu wote, kapitisha mpira katikati ya miguu yangu akaenda kuuchukua upande wa pili, anacheka. Aliporudi tena nilimkata yeye na mpira kwa pamoja.

Kocha Maidana akapuliza filimbi. "Mzee! Unataka kutuvunjia dhahabu yetu?"

"Namfundisha," nikasema.

Mtoto akainuka, akajipangusa matope, akasema, "Asante kwa somo, Mzee. Kesho tena tobo."

Wakacheka wote. Hata kipa, ambaye hajui kucheka.

16 Agosti

Mechi ya kwanza ya ligi. Nyumbani, mbili bila, tumefungwa. Redio ya mji imesema kiungo cha Molineros kinatembea kama kimefuata jeneza. Nimeizima. Nélida kaiwasha tena.

23 Agosti

Nimekaa benchi. Kocha alinipa habari hiyo akiwa ananitazama kiatu, si uso. Namba tano kapewa mtoto. Niliulizwa kama naweza kuvaa kumi na tano, maana na yenyewe ina tano ndani. Hivyo ndivyo alivyosema, na alidhani ananifariji.

Kabla ya kuingia, tumesimama kwenye korido, mwamuzi keshaita, na bwana Dhahabu anatetemeka. Mikono ilikuwa inacheza kiasi kwamba hakuweza kufunga kamba za kiatu chake cha kushoto. Anajaribu, zinamponyoka, anajaribu tena. Midomo imekauka. Watu elfu mbili wa mji huu wa San Evaristo, wengi wao wamekuja kwa kukosa pengine pa kwenda, na mtoto amewaogopa! Nilitaka kwenda kuketi zangu benchini kabla viti havijaloa, kwa hiyo nikapiga goti, nikamfunga. Mafundo mawili, kama afungwavyo mtoto wa chekechea. "Nenda," nikamwambia, "na usinyee uwanja."

Tumeshinda tatu bila. Sitaandika alivyocheza. Macho ninayo, nimeona.

29 Agosti

Maidana kaniita ofisini, kanikaribisha yerba, chai yetu chungu ya majani, kanijazia kikombe mwenyewe kwa maji ya moto. Anapokujazia mwenyewe ujue kuna uchafu unakuja.

"Mzee, kesho utamfunga tena."

"Nimfunge nini?"

"Kiatu. Cha kushoto. Goti lile lile chini, mafundo yale yale. Na useme yale maneno."

"Maneno gani?"

"Ya kunyea uwanja."

Nikamtazama. Hakuwa anatania. Huu mji humwamini Mungu Jumapili asubuhi na cábala Jumapili mchana: ulilolifanya siku uliyoshinda usiliguse, usilibadilishe, lirudie hivyo hivyo mpaka siku utakayofungwa. Maidana ni padri mkuu wa upumbavu huo. Shati aliloshinda nalo halifuliwi. Basi letu hurudi kinyumenyume kwenye kona ya duka la dawa, kwa sababu mwaka juzi dereva alipotea njia pale na tukashinda. Beki wetu wa kulia hula ndizi moja kabla ya mechi akiwa amegeukia ukuta. Watu wazima, wenye watoto na masharubu.

"Kocha," nikasema, "mimi ni nahodha wa timu hii."

"Ndiyo maana nakuomba kwa heshima, Mzee. Ningeweza kukuamuru."

30 Agosti

Nimefunga. Tumeshinda.

6 Septemba

Nimefunga. Tumeshinda. Mvua.

13 Septemba

Nimefunga. Sikusema maneno, nikidhani hakuna atakayegundua. Beki wa kulia akashtaki papo hapo, ndizi mdomoni. Nikayasema. Tumeshinda.

20 Septemba

Sare. Wamekaa kikao kirefu kuamua kama sare inavunja cábala au haivunji. Kuna mtu aliapa kwamba nilipiga goti la kulia badala ya la kushoto. Nikaitwa kutoa ushahidi! Nikasema sikumbuki. Wakaafikiana kwamba kosa ni langu, na kwamba kwa kuwa ni kosa la kibinadamu, cábala bado ni nzima. Mahakama za nchi hii hazijawahi kufikiri kwa kina hivyo.

Nélida ameniuliza kwa nini nisikatae. Nikamwambia Pellegrino ameniahidi kazi ya kuwafundisha vijana mwakani, nikishastaafu, ilimradi "niwe na moyo wa timu." Moyo wa timu uko kwenye kamba za kiatu.

"Basi funga," akasema, "au tutakula daftari?"

4 Oktoba

Nimefunga. Tumeshinda. Sasa wanaleta watoto wao kunitazama nikipiga goti, na mama mmoja aliniomba nimguse mwanawe mwenye degedege. Tumefika nafasi ya pili. Mto umejaa, vyura wanapiga kelele hadi uwanjani.

11 Oktoba

Safari ndefu ya basi. Mtoto aliketi nyuma yangu akaongea na mama yake kwenye simu kuanzia daraja mpaka kituo cha mafuta. "Ndiyo mama. Nimekula mama. Nimevaa sweta mama. Ndiyo, Mzee bado ananifunga kiatu. Hapana mama, si mkali, ana sura mbaya tu."

Nikageuka. "Nasikia."

"Mama anakusalimu, Mzee. Anasema Mungu akubariki mikono."

Nikamwambia amjibu mama yake kwamba mikono ni mizima, mgongo ndio unaouma. Akamjibu hivyo hivyo, na sauti ya mwanamke ikacheka kule Chaco hadi mimi nikaisikia. Wana kicheko kimoja, mama na mwana. Cha kuudhi.

18 Oktoba

Leo kaja wakala. Anaitwa Gastón Lucero, anavaa miwani ya jua siku ya mvua. Ameleta habari: Wabelgiji wanataka kiungo, wanamtaka Ulises, na watatuma mtu kuja kumtazama kwenye mechi za mtoano. Pellegrino alikuwa anamfuata nyuma kama anayesubiri yai lidondoke. Tayari amekwisha kuwaambia watu jukwaa letu litaezekwa paa jipya.

Lucero alinishika mkono. "Wewe ndiye mfunga kamba?"

Nimecheza mechi zaidi ya mia nne. Ndiyo, mimi ndiye mfunga kamba.

Lakini haki yake nimpe mtoto, maana hapa hakuna anayesoma. Anajua mpira. Nilidhani ni mbwembwe, na mbwembwe zipo, ila chini yake kuna kitu. Kabla mpira haujamfikia keshageuza shingo mara mbili, anajua kila mtu yuko wapi, na anaupiga mahali ambapo mwenzake hajafika bado. Hilo halifundishwi. Mimi nililijua kidogo, zamani. Inaniudhi kwamba kipaji hicho kimepewa kichwa chenye nywele zile.

25 Oktoba

Nimefunga, na nimekuta kitu.

Kifundo cha mguu wake kimevimba. Juu ya soksi hakionekani, ila mimi nimeshakishika kifundo hicho kila wiki tangu Agosti na nakijua kuliko changu. Nilipokaza kamba alivuta pumzi kupitia meno.

"Nini hii?" nikanong'ona.

"Hakuna kitu, Mzee. Sema maneno yako."

"Ulises."

"Sema maneno, watu wanangoja!"

Nikayasema. Tumeshinda, naye kafunga bao kwa mguu wa kulia. Wa kushoto hakuutumia hata mara moja. Uwanja mzima hakuna aliyegundua, akiwemo Maidana, aliyekuwa anahakikisha shati lake halijakauka jasho.

1 Novemba

Kimevimba zaidi. Na kinanuka dawa. Naijua harufu ile, ya spiriti na ganzi. Walimchoma sindano chumbani kwa daktari kabla ya kumleta kwangu kwenye korido, na nilipokaza kamba safari hii hakuvuta pumzi. Hakuhisi chochote. Hilo ndilo lililonitisha.

Tumeshinda. Wanacheza ngoma mtaani mpaka sasa.

2 Novemba

Sijawahi kuandika habari za mguu wangu humu kwa sababu najua mwisho wake. Nilikuwa na miaka ishirini, na klabu kubwa ya Buenos Aires ilikuwa inakuja kunitazama. Kifundo kikavimba. Mwenyekiti wa wakati ule, mwuza matrekta, akasema mechi moja tu, kijana. Sindano moja tu. Nilicheza mechi moja tu, kisha nyingine moja tu, na siku watu wa Buenos Aires walipofika nilikuwa kitandani na mguu uliovunjika ndani. Baada ya hapo ndipo nikawa kiungo mkabaji. Mtu asiyeweza kukimbia hujifunza kusimama panapostahili. Watu wa hapa huita hilo hekima.

Leo mguu huo hunitabiria mvua kabla ya redio. Basi.

4 Novemba

Nimemwendea daktari wa timu. Ni kijana mwenye shingo nyembamba, mume wa mpwa wa Pellegrino. Akafunga mlango ndipo akasema: mfupa una ufa. Akipumzika miezi mitatu utaunga. Akiendelea kuukanyagia ganzi utapasuka wote, na hatacheza tena, si Ubelgiji wala uani kwao.

"Umemwambia mwenyekiti?"

"Nimemwambia kuna uchovu kidogo wa mguu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye anayeniomba sindano, Mzee. Mimi nifanyeje?"

Sikumpiga. Nataka ijulikane kwamba sikumpiga.

8 Novemba

Hakuna mechi. Nimemkuta mtoto peke yake uwanjani, amekaa juu ya mpira, anakunywa yerba. Akanijazia. Nikamweleza yote, pamoja na mguu wangu. Nilivua soksi nikamwonyesha nundu iliyobaki. Aliitazama, akageuza macho.

"Wewe Buenos Aires ilikukosa," akasema mwishowe. "Mimi Ubelgiji iko hapa, Mzee. Mechi mbili tu. Nikishasaini, watanitibu wao, wana mashine."

"Watakupima kwanza kwa mashine hizo, punguani wee, kisha watakurudisha kama redio mbovu, na boksi lake."

"Lucero anasema wanapima magoti tu."

Magoti tu! Nikamwuliza kama Lucero amewahi kupimwa akili. Akakasirika. Akasema mama yake amechuma pamba tangu akiwa na miaka tisa na mgongo umekwisha, kwamba mimi nina duka la mikate na mke, kwamba ni rahisi kutoa hekima umeshiba. Kisha akasema kila mtu anajua nina wivu naye tangu siku ya lile tobo.

"Ni kweli nina wivu," nikasema. "Na mfupa wako ni kweli una ufa. Moja haliondoi jingine."

Akachukua yerba yake akaondoka. Anachechemea akidhani hakuna anayemwona.

15 Novemba

Nimefunga. Tumeshinda, tumeingia nusu fainali. Mvua haijakatika tangu Jumatano.

22 Novemba

Nusu fainali, tumeshinda, moja bila, pasi ya mwisho ya mtoto. Sindano mbili, daktari mwenyewe kaniambia akitazama dari. Ganzi ilipoisha walimficha bafuni wakafungulia maji ili Mbelgiji aliyekuja asisikie. Mimi nilisikia. Anamwita mama yake, hamwongeleshi kwenye simu, anamwita tu.

Maidana alikuwa nje ya mlango, anabusu medali ya Bikira.

"Kocha, usimchezeshe fainali."

"Mzee, niache."

"Mfupa umepasuka, unamsikia?"

"Hatujafungwa tangu Agosti," akasema, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. "Unataka niguse hilo? Niguse kwa mikono yangu?"

Nikamwonea kinyaa kiasi cha kumhurumia.

28 Novemba

Pellegrino ametualika nyama choma kwake, mimi na Nélida. Mbavu, soseji za damu, saladi, kila kitu, na baada ya kula akaniwekea mkono begani kama alivyomwekea mtoto siku ile. Kazi ya vijana ni yangu, mkataba uko tayari. Ninachotakiwa ni kupiga goti mara moja ya mwisho. Tukipanda daraja, mji wote utanishukuru.

Nikamwambia habari za mfupa. Akachokonoa meno. "Bressan, mimi nafuga kuku. Kuku mgonjwa unamuuza kabla hajafa, humsubirishi."

Njiani, kwenye kona ya duka la dawa, Nélida akasimama. "Yule mtu," akasema, "hata mbavu zake zilikuwa mbichi." Halafu akasema mikate inauzika vya kutosha. Nilielewa.

29 Novemba

Leo nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Joto. Mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka na kisasi. Fainali ilichezwa hapa hapa, dhidi ya Ribera, watu wamekaa hadi juu ya miti ya jirani. Mbelgiji yuko jukwaani, Lucero pembeni yake anampepea kwa gazeti. Kwenye korido tumesimama wote: beki keshamaliza ndizi yake ukutani, Maidana na shati lake linalonuka, Pellegrino kashuka mwenyewe kushuhudia. Mtoto kaletwa na daktari, uso mweupe, nywele za kiini cha yai zimelowa jasho. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha mguu wa kushoto. Kamba zinaning'inia.

Nikasimama.

"Mzee," akasema Maidana kwa upole, "mwamuzi ameita."

"Sifungi."

Wote wakasema kwa pamoja. Pellegrino akanijia na tumbo lake: mkataba, ahadi, moyo wa timu, msaliti. Nikarudia, "Sifungi." Daktari akainama haraka amfunge yeye, na Maidana akapiga ukelele ambao sijausikia hata mazishini: "Usiguse! Mkono mwingine usiguse hicho kiatu!" Daktari akarudi nyuma akajikwaa.

Ulises akaishika kamba mwenyewe. Beki wa kulia, mwanaume wa kilo tisini, akamkamata mkono. "Dogo, ukijifunga mwenyewe mimi siingii. Naapa kwa wanangu, siingii." Na kipa: "Na mimi siingii." Mmoja baada ya mwingine, watu wazima, wenye masharubu, wakasogea mbali na kiatu kile kana kwamba kuna nyoka ndani. Mwaka mzima nimeudharau upumbavu wao, kumbe ndicho kitu pekee hapa chenye nguvu kuliko Pellegrino. Basi nikausimamia. Nilikunja mikono kifuani nikaegemea ukuta.

"Mpira ni kazi, si uchawi!" akafoka Pellegrino. "Maidana, mwingize hivyo hivyo!"

Maidana alimtazama mtoto, akakitazama kiatu, akanitazama mimi. Alikuwa anatweta. Hakumwogopa mwenyekiti, hakuogopa kufukuzwa, hakuogopa mfupa. Aliogopa kamba.

"Siwezi," akasema. "Don Pellegrino, siwezi. Bressan, vaa namba tano."

Ulises alinitemea. Mate yalinipata shingoni. "Uliitaka jezi yako," akasema, "si ungesema tu? Toka Agosti uliitaka jezi yako. Mwizi wewe!" Na akalia mbele ya wote, mguu wake umenyooka vile vile, kamba chini.

Akaivua, akanirushia. Nikaivaa. Sitadanganya karatasi: ilinikaa vizuri, na kwa pumzi moja au mbili nilifurahi. Sijui niliyafanya haya kwa kiasi gani kwa ajili ya mtoto na kwa kiasi gani kwa ajili ya ile pumzi.

Tulifungwa. Moja bila, dakika za mwisho. Namba kumi wao, mtoto mwingine tu, alinipita upande wa kushoto, nikageuka, mguu haukugeuka. Nilianguka na kuutazama mpira ukiingia nikiwa chini, nyasi mdomoni. Hatujapanda daraja. Mbelgiji aliondoka kabla ya filimbi.

Kutoka uwanjani hawakunizomea. Ingekuwa afadhali. Walinyamaza, na wanaume wakajishika. Pale kushoto, juu ya suruali, wanapojishika hapa kwetu akipita mtu mwenye nuksi.

2 Desemba

Mwuza nyama amejishika. Padri naye, ndani ya kanzu, nimeuona mkono.

5 Desemba

Pellegrino ametangaza redioni kwamba klabu inanishukuru kwa utumishi wangu. Jina langu hakulitaja. Jina la nuksi halitajwi. Kazi ya vijana kapewa mume wa mpwa wake mwingine.

Lucero hapokei simu ya mtoto. Nimesikia kwa Nélida, anayesikia yote akipima mikate. Wamempeleka mtoto mjini Rosario kwa daktari wa kweli, na mama yake amekuja kwa basi kutoka Chaco. Nélida kampelekea mkate. Mimi sikuulizwa.

Wateja wamepungua dukani. Wanaokuja humtaka Nélida mwenyewe na huuliza kwanza kama nipo.

12 Desemba

Joto. Mguu umevimba tangu fainali, hauingii kiatuni bila vita.

19 Desemba

Nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Nilichagua saa ya mapumziko ya mchana, mji umelala, nisimtie mtu nuksi. Chumba cha kubadilishia kimefagiliwa. Begi langu liko kwenye msumari wangu. Niling'oa na msumari.

Nimeketi kwenye benchi, nahangaika kuinamia kiatu, mguu hautaki kukunjika, nikasikia magongo kwenye korido. Ulises. Amenyoa nywele zote, kichwa kinang'aa, hereni moja tu. Mguu una plasta hadi gotini, na juu ya plasta mtu kaandika "Ndiyo mama" kwa kalamu nyekundu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye magongo, kwa hiyo hata angetaka kujishika asingeweza.

"Sikuja kukushukuru," akasema.

"Vizuri. Ningekufukuza."

"Daktari wa Rosario kauliza nani alinizuia. Kasema mechi moja zaidi, mfupa ungekuwa unga." Akatazama msumari mkononi mwangu. "Mwezi wa nne nitaanza kukimbia. Wabelgiji wamepata kiungo mwingine. Mparagwai."

"Anajua mpira?"

"Hajui."

"Basi wanastahiliana."

Hakucheka. Alinitazama navyohangaika na kiatu, natweta, nimeshika kamba moja na nyingine imenishinda. "Kusema kweli, Mzee, ulifanya kwa ajili ya jezi?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia jibu baya zaidi. Akayaegemeza magongo ukutani. Akashuka chini kwa kushika benchi, plasta imenyooka pembeni, anaguna, jasho linamtoka kwenye kile kipara. Nikamwambia aache upuuzi. Akaushika mguu wangu wa kushoto, akauweka juu ya paja lake, na kabla ya kufunga aliipapasa ile nundu juu ya soksi, mahali panapouma hasa. Kidole gumba chake kilikaa pale.

"Na usinyee uwanja," akasema.

Amefunga vibaya. Kiungo mwenye jicho kama lile, na hajui kufunga kiatu. Fundo lilikuwa limelegea, limepinda, aibu tupu. Lilifunguka kabla sijafika getini. Nikatembea mji mzima hadi nyumbani nikiziburuza kamba vumbini, sikuinama.